Ukurasa wa 214

Kijiji cha Kwemkole,
Kupitia Misheni ya Rangwi,
Lushoto.
8 Desemba 1975

Kwa Mkutubi,
Maktaba ya Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA MAKALA

Shikamoo. Natumaini wewe na wafanyakazi wenzako hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Sijui kama watu kama mimi wanaruhusiwa kuandika huko. Kama hawaruhusiwi, naomba unisamehe na uichane barua hii.

Katika maktaba ya shule yetu kulikuwa na kijitabu chenye mihtasari ya makala zilizoandikwa kuhusu nchi yetu. Mimi nilikuwa na zamu ya kufuta vumbi rafuni kila Ijumaa, ndivyo nilivyokiona. Namba 88 inasema hivi, nimeitafsiri mwenyewe: "H. Aldrup. Maji na mashamba katika bonde moja la Usambara Magharibi. Mwandishi anaeleza habari za Kwemkole, mfereji uliochimbwa na marehemu mume wa mjane mmoja, na nani hulima wapi." Basi, mistari mitatu. Chini yake wameandika kwamba makala kamili imeanzia ukurasa wa 209 hadi 221, na kwamba jarida lenyewe limo katika maktaba yenu.

Naomba kuisoma makala yote. Ni kwa ajili ya masomo yangu.

Wako mtiifu,
Jenoveva Shechambo


Maktaba ya Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.
22 Desemba 1975

Ndugu Jenoveva,

Marahaba. Barua yako haikuchanwa. Imewekwa mezani kwangu kwa sababu mimi ndiye msaidizi ninayeshughulikia maombi ya mikoani, na pia kwa sababu wenzangu walisema, "Mpeni Mwanamisi, hao ni ndugu zake." Kwetu ni Mponde. Nimecheka, maana kutoka Mponde hadi Rangwi mtu atavaa viatu viishe, lakini wao huku wanaona milima yote ni mlima mmoja tu.

Jarida lipo. Nimelishika kwa mikono yangu. Limejalidiwa pamoja na matoleo ya mwaka mzima, zito kama tofali. Sasa sikiliza. Jarida lililojalidiwa halitoki nje ya jengo hili, hata kwa profesa. Kitabu tungeweza kukiazimisha kwa maktaba nyingine, makala hunakiliwa. Na mashine ya kunakili imekufa tangu Oktoba, tunangoja kipuri. Kinachobaki ni mimi na taipu.

Ili nifanye hivyo, jaza fomu niliyoambatanisha. Hatupokei ombi la mtu binafsi, kwa hiyo isainiwe na mkuu wa shule, hospitali au misheni. Pia andika sababu. "Masomo" haitoshi, mdogo wangu. Shule umeshamaliza, umesema mwenyewe.

Wako,
Mwanamisi Omari


Kwemkole,
6 Januari 1976

Dada Mwanamisi,

Shikamoo. Nilipoisoma ile sentensi ya mwisho niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sasa naandika sababu ya kweli.

Mjane wa kwenye muhtasari ule ni bibi yangu, Secilia. Babu ndiye aliyechimba mfereji, na chini ya mfereji lipo shamba letu la bondeni. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, mama akaolewa Mlalo, bibi akanilea kwa shamba hilo. Hata kiangazi tunachuma kabichi na karoti wakati kule juu kilimani majani yamekauka. Nguo zangu zote za shule zilitoka pale.

Kijiji sasa kinaanzisha shamba la pamoja, na halmashauri imeamua lianzie bondeni penye maji. Utaratibu ni huu: shamba la urithi linabaki kwa mwenyewe. Shamba la kuazimwa linaingia katika shamba la kijiji, na aliyeazimwa anapewa kipande juu kilimani. Kila mmoja alete uthibitisho wa maandishi. Lakini nani huku kwetu ana maandishi ya shamba? Wazee walimwambia bwana kilimo wa wilaya kwamba wanajua ni letu. Yeye anatoka pwani. Akawajibu, "Ninyi wazee wote ni mashemeji, nikiwauliza hata mlima huu mtasema ni wa shemeji yenu."

Dada, mimi sijawahi kusema mkutanoni. Shuleni nilikuwa nikijua jibu nalinyamazia. Siku hiyo nilisimama nikasema maandishi yapo Chuo Kikuu, kwamba mzungu aliyekaa kwetu mwaka 1966 aliandika kila kitu. Watu walicheka. Mama mmoja akasema, "Hee! Kabichi za Bi Secilia zimepata digrii!" Lakini bwana kilimo hakucheka. Alisema, "Huyu binti ndiye peke yake aliyenielewa." Akaahirisha shauri letu mpaka mkutano wa tarehe 20 Machi, nilete makala kamili.

Bibi anamkumbuka yule Bwana Aldrup. Walimwita Miwani. Kila asubuhi alikuja na daftari lake akala ndizi za kuchoma. Bibi anasema nikuandikie kwamba alikuwa mtu mwema, alikuwa anaosha sahani yake mwenyewe.

Fomu imesainiwa na Padri na kugongwa muhuri. Jambo moja: barua zinazokuja kwetu zinapitia ofisi ya kijiji, na Katibu, Ndugu Rubeni, huzifungua kwanza. Usione vibaya nikikuambia. Zangu za kwenda nampa Padri, hazifunguliwi.

Mdogo wako,
Jenoveva


Maktaba ya Chuo Kikuu,
2 Februari 1976

Mdogo wangu Jenoveva,

Makala yako hii hapa. Nimeipiga taipu saa za chakula, siku tisa, na mwenzangu wa meza ya pili amenibandika jina la Bi Mfereji. Ukurasa wa 211 ndio utakaoupenda. Unasema babu yako alichimba mwaka 1931, akikata mwamba kwa moto na maji, "kazi ya mtu mmoja na mkewe." Msomee bibi hapo.

Ukurasa wa 214 haumo. Umeharibika. Makala inasomeka bila huo.

Nje ya kazi, nikuambie kitu kilichonijia nikiwa napiga taipu. Marehemu mama yangu pale Mponde alikuwa na migomba ya kupendeza sana. Mgeni akipita akaisifu, unajua mama alikuwa anajibu nini? Wewe ni mtoto wa milimani, unajua. Ukae ukilifikiria hilo.

Wako,
Mwanamisi


Kwemkole,
15 Februari 1976

Dada Mwanamisi,

Shikamoo. Sijui nikushukuru vipi. Nilimsomea bibi ukurasa wa 211 mara nne. Mara ya nne alisema, "Amesahau kuandika kwamba mawe niliyabeba mimi, na nilikuwa na mimba ya baba yako." Kisha akaenda kupalilia, lakini niliona anatabasamu.

Pole sana kwa kufiwa na mama. Bibi anasema migomba mizuri ni ya mtu mwenye subira, bila shaka mama yako alikuwa hivyo.

Sasa, dada, kuna tatizo. Katibu alipofungua bahasha alilamba kidole akahesabu karatasi. Akahesabu tena. "Kumi na mbili," akasema. "Kutoka 209 mpaka 221 ni kumi na tatu. Hapa pamechomolewa kitu." Nikamwambia ukurasa mmoja umeharibika. Akaniuliza, "Umeharibika, au umeharibiwa?" Katibu si mtu mbaya. Anapenda tu vitu vitimie. Hata kwenye harusi yake alihesabu wageni.

Nimeisoma makala yote na kamusi. Tazama mahali ulipokatika. Ukurasa wa 213 unaishia hivi: "Nilipomuuliza mjane shamba lililo chini ya mfereji ni la nani, alijibu bila kusita kwamba" – na ukurasa wa 215 unaanza na habari za mvua za vuli! Dada, hapo ndipo penyewe. Jibu la bibi limo katika ukurasa wa 214. Umeharibika kiasi gani? Kama umeliwa na panya, nipigie maneno yanayosomeka. Hata mstari mmoja.

Bibi amekuwekea maharage machanga, Padri atakuletea akija huko.

Jenoveva


Maktaba ya Chuo Kikuu,
23 Februari 1976

Jenoveva,

Ningekuwa wewe ningepeleka zile kurasa kumi na mbili, nikae kimya. Katika kumi na mbili hizo hakuna neno baya juu ya bibi yako, na mfereji umeandikwa kwa jina la babu yako. Inatosha.

Muulize bibi alimjibu nini yule Miwani. Muulize mkiwa wawili tu, kabla hajaulizwa na mtu mwingine.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na unajua kwa nini.

Mwanamisi


OFISI YA KIJIJI, KWEMKOLE
1 Machi 1976

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: KARATASI PUNGUFU

Ofisi hii imepokea kurasa 12 za makala ya Ndugu Aldrup badala ya 13. Pia imeiona barua ya mtumishi wako ya tarehe 23 Februari, ambayo inamshauri kijana wetu akae kimya. Ofisi haielewi maktaba ya umma inawashauri wananchi kukaa kimya kwa sababu gani.

Halmashauri haiwezi kupokea maandishi yenye pengo. Unaombwa ulete ukurasa wa 214 ukiwa na muhuri wako, kabla ya tarehe 20 Machi. Mhusika mwenyewe anaunga mkono ombi hili, naye ametia sahihi hapo chini.

Uhuru na Kazi.

Rubeni Shemhilu
KATIBU

Jenoveva Shechambo


Kwemkole,
2 Machi 1976

Dada Mwanamisi,

Shikamoo. Naogopa nimekuletea matatizo kazini, na naandika haraka kabla Padri hajaondoka. Katibu aliandika barua, nami nimeweka sahihi yangu. Si kwa kukushtaki. Nimeweka ili wajue kwamba si yeye tu anayeutaka ukurasa ule, kwamba sisi wenyewe hatuna la kuficha.

Nimemuuliza bibi kama ulivyoniambia. Tulikuwa tunachambua mboga ya mshunga, hakuna mtu mwingine. Akasema, "Nilimjibu kama mtu anavyomjibu mgeni." Nikamuuliza tena, kwani alijibu nini hasa. Akakasirika kidogo. "Mtu amekula ndizi zangu wiki sita, unadhani nilimtukana?" Basi nimejua mambo ni mazuri.

Usiogope, dada. Nitamwambia Katibu kwamba ulikuwa unanihurumia tu.

Jenoveva


Maktaba ya Chuo Kikuu,
11 Machi 1976

Kwa Katibu wa Kijiji,
Kwemkole.

Ndugu,

Kwa maagizo ya Mkutubi Mkuu naleta ukurasa wa 214, uliolinganishwa na jarida lenyewe na kugongwa muhuri. Maktaba inasikitika kwa upungufu uliotokea.

M. Omari
Msaidizi wa Maktaba


Kwemkole,
24 Machi 1976

Kwa Mwanamisi Omari,

Mkutano ulifanyika. Nitakuandikia ulivyokuwa, kwa sababu nadhani wewe ndiye mtu peke yake aliyejua utakavyokuwa.

Katibu aliiweka bahasha mezani ikiwa imefungwa. Safari hii hakuifungua. Alisema ifunguliwe mbele ya watu wote, ili mtu asije akasema ofisi imefanya ujanja. Bwana kilimo akasema, "Binti asome. Ni karatasi yake." Nikasimama mbele. Bibi alikuwa amekaa mstari wa kwanza, amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Nilikuwa nasoma sentensi kwa Kiingereza, kisha naitafsiri. Nilianza na ile ya mwisho ya ukurasa wa 213 ili watu wafuate. "Nilipomuuliza mjane shamba lililo chini ya mfereji ni la nani, alijibu bila kusita kwamba si lake. Alisema ni la jirani yake Kornelio, aliyemwazima tu, na kwamba yeye mwenyewe hana kitu bondeni. Ni nadra mtafiti kukutana na ukweli wa namna hii."

Niliona sentensi kabla sijaifikia kwa mdomo. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Macho yalitangulia. Kulikuwa na nafasi, kama ya kuvuta pumzi. Katibu hajui Kiingereza. Bwana kilimo alikuwa anatazama saa yake. Ningeweza kusema neno lingine. Nikasema lililoandikwa.

Hakuna aliyecheka. Marehemu Kornelio hawezi kuulizwa, na hakuacha mtoto huku. Kila mzee pale alijua maana ya jibu lile. Mtu akikusifia shamba lako na humjui, huwezi kusema ni langu, ndiyo, ni zuri. Atalitia jicho baya. Unalikana. Unasema ni la watu, nimeazimwa tu, na unataja jina la jirani ili akutoke. Hata mimi shuleni nikisifiwa mwandiko nilikuwa nasema kalamu ni ya rafiki yangu. Tunafanya bila kufikiri, ndiyo maana sikufikiri. Uliponiandikia migomba ya mama yako mimi nilikupa pole ya msiba.

Mzee Bakari alisimama. "Mheshimiwa," akasema, "huku kwetu hivyo ndivyo tunavyomjibu mgeni."

"Mnawadanganya wageni?"

"Hatudanganyi. Tunasema tu."

"Basi mzee wangu, na mimi ni mgeni. Mkutano wa kwanza mliniambia shamba ni lake. Nitajuaje siku mnayosema tu na siku mnayosema kweli?"

Mzee Bakari akakaa. Asubuhi ile ile bwana kilimo alikuwa amemsifia Katibu dume lake la ng'ombe, na Katibu akamjibu mbele yetu sote, "Aa, ng'ombe wa watu huyo." Nilimtazama Katibu. Akainamisha kichwa akaandika. Aliandika kwamba kwa ushahidi ulioletwa na familia yenyewe, shamba ni la kuazimwa.

 Nyumbani nilipiga magoti kumwomba bibi radhi. Akasema, "Nilikuwa nalilinda. Sikumjua, alikuwa anatazama kila kitu na kuandika. Nililikana ili libaki langu." Kisha akavua kitenge akakikunja.

Wewe uliujua ukurasa ule tangu Januari. Ungeweza kuniambia kwa maneno ya kawaida kama watu wanavyoambiana.

Nina ombi moja kwa Maktaba. Nimeandika karatasi moja kueleza jibu la bibi lilikuwa na maana gani. Nimeiambatanisha. Naomba iwekwe ndani ya jarida, kati ya ukurasa wa 214 na wa 215, ili mtu mwingine akija kuisoma makala kamili aisome kweli ikiwa kamili.

Jenoveva Shechambo


Maktaba ya Chuo Kikuu,
9 Aprili 1976

Mdogo wangu Jenoveva,

Barua hii naipitisha kwa Padri. Ndiyo, ningeweza kumpitishia yeye tangu mwanzo. Fomu yako ilikuwa na anwani yake na muhuri wake, na nilikuwa nayo mezani muda wote. Nilikuwa namwogopa Katibu wako hata sikuona mlango mwingine. Nimelifikiri hilo kila siku tangu barua yako ifike. Sina la kujitetea.

Nilipoufikia ukurasa ule niliupiga taipu kama mingine. Kisha nikausoma, nikamsikia mama. Nikautia kwenye droo. Kazi yangu ni kumpa msomaji alichoomba, si kumchagulia, na miaka sita nimeifanya hivyo. Kwa ajili yako niliivunja mara moja, na niliivunja nusu nusu, na nusu ndiyo iliyoleta maneno. Ningekupa zote kumi na tatu siku ya kwanza ungesoma mwenyewe ukiwa na bibi yako, ukaamua kupeleka au kutopeleka. Au ningekuambia wazi. Nilifanya kile cha katikati. Mkutubi Mkuu ameniita, ameniandikia onyo, nami nimelipokea. Si kitu ukilinganisha.

Karatasi yako nilimpelekea kwa mkono wangu. Aliisoma yote, tena polepole. Alisema imeandikwa vizuri. Kisha akasema hatuongezi kitu ndani ya jarida wala hatupunguzi. Makala ni ya mwandishi wake. Alishauri uiandike kama makala, kwa Kiingereza, uipeleke kwa wahariri ng'ambo. Wataisoma wataalamu wawili. Huchukua mwaka, pengine miwili. Wakiikubali, tutaipokea na kuijalidi, itakaa rafu moja na ile.

Nilimuuliza, na kabla ya hapo? Akasema, kabla ya hapo Aldrup ndiye aliyepo.

Karatasi yako nakurudishia. Nimebaki na nakala, kwangu nyumbani, sijui ya nini.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie tu kwamba huwezi.

Mwanamisi


Kwemkole,
30 Mei 1976

Dada Mwanamisi,

Shikamoo. Sijui kama nimekusamehe. Nikiamka nimekasirika nakukasirikia wewe kwanza, halafu Miwani, halafu nafika kwangu mwenyewe na hapo nakaa siku nzima. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni. Kama ningenyamaza kama nilivyonyamaza maisha yangu yote, wangekaa wazee wakabishana mpaka bwana kilimo achoke.

Bibi amepewa kipande juu, nyuma ya mwamba. Maji hayafiki. Jumatano na Jumamosi ni zamu yetu kwenye shamba la kijiji, kwa hiyo siku mbili kwa wiki tunashuka bondeni na jembe kama wengine. Msimamizi alimpanga bibi sehemu ya mwisho karibu na mto. Yeye kila mara anahama bila kuomba ruhusa, anakwenda kulima pale pale pa zamani. Msimamizi amemwacha.

Nina kazi. Bwana kilimo alimwambia Katibu, "Yule binti hawezi kusema uongo hata kwa faida yake. Mpe daftari." Basi wamenifanya karani wa kijiji. Ninaandikisha mashamba yote ya Kwemkole, ya chini na ya juu, nyumba kwa nyumba, ili siku nyingine pasitokee ubishi. Agizo ni kuandika jibu la mtu kama alivyolisema, bila kuongeza.

Nilidhani itakuwa rahisi. Hawa ni watu walionibeba mgongoni. Lakini nafika na daftari mkononi, nauliza, na wanalitazama daftari. "Shamba hili ni la nani, mama?" "Aa, mwanangu, la watu tu." Nawaambia, mama, mimi ni Jenoveva, mjukuu wa Secilia, niambieni kweli, mliona yaliyotupata. Wanasema ndiyo, tuliona. Na wanaendelea kunitazama mkono. Wiki ya kwanza niliandika nyumba kumi na moja. Katika hizo, tisa hazina shamba. Kwa daftari langu kijiji kizima kimeazimwa, na waliowaazima wamekufa.

Katibu alilipitia daftari, akahesabu majina, akasema yametimia.

Nyumba yetu niliiacha mpaka mwisho. Jana nilifika. Bibi alikuwa mlangoni anamenya viazi. Niliona haya kuuliza, nikafungua ukurasa nikasimama tu. Yeye aliinuka, akafuta mikono. Akaingia ndani akatoka na kigoda, akakipangusa kwa upindo wa khanga, akakiweka kivulini.

"Karibu, mgeni," akasema. "Keti nikuletee ndizi."

Jenoveva